Yanafika Gotini

Leo ni siku ya kumi na moja jua halijaonekana Uthiru.
Wingu limefunika mabati kama kifuniko cha sufuria,
na manyunyu haya si mvua ya kukimbiwa;
ni ya kukuzoea tu, pole pole, hadi ndani ya soksi.

Nilipanda nikidhani Juni itasamehe.
Sasa miche yangu ya mahindi matamu
ina majani matatu, na la tatu ni zambarau.
Si zambarau ya leso. Ni ya midomo ya mtoto
aliyeogeshwa nje alfajiri.

Gakuru, yule wa duka la mbegu na dawa za kuku,
alinionya nikiwa nimeshalipa:
"Hii si kama ile yenu ya ugali."
Akanimwagia punje kiganjani, nyepesi,
zimekunjamana kama vidole vilivyofua kutwa nzima.
"Hapa wanga ni haba, sukari ndiyo tele. Ukiizika kwenye baridi
haina akiba ya kula ikingoja."
Nimelitafuna neno hilo wiki nzima:
kwamba utamu wake ndio njaa yake.

Basi nimefanya nilichoweza.
Nimechimba mfereji kwa jembe lililovunjika mpini,
maji yakatoka mekundu, yakaelekea kwa Mama Wangeci,
ambaye hakufurahi.
Nikachimba mwingine.
Nimezikata matako chupa za maji za lita tano,
jioni nafunika mche mmoja mmoja,
asubuhi nafungua vizibo
ipumue, isije ikaoza kwa jasho lake.
Chupa arobaini. Miche sitini na mitatu.
Kila usiku naamua ni ipi ishirini na mitatu italala wazi,
kisha naingia ndani bila kugeuka.

Mbolea Gakuru amekataa kuniuzia.
"Ngoja kwanza. Mizizi haipumui.
Humlishi mtu anayezama."
Na Ndunge, binti yangu, nimemkataza kupita kati ya mistari:
udongo huu ukikanyagwa ungali tope
hukumbuka mguu mpaka Desemba.

Bibi yangu kule Kibwezi angenicheka.
Alinifundisha mahindi kwa kiu:
zamisha mbegu, tandaza majani makavu,
linda umande usiibwe na saa nne.
Alijua mawingu yapi ni waongo.
Kwetu tulifundishwa kuiomba mvua.
Hakuna aliyetufundisha kuiambia, imetosha.

Saa tatu usiku simu inalia. Musembi.
Huko Doha, jikoni mwa hoteli,
wanayachemsha mahindi haya haya, anasema,
wanayapaka siagi, wanayauza kwa bei ya paja la mbuzi.
Ndiye aliyesema panda, nikirudi nitakuonyesha.
Leo wamebeba magunia nje kwenye joto la arobaini na nne.
"Nitumie baridi kidogo," anacheka, halafu anakohoa.
"Yamefika wapi?"

Natazama dirishani. Chupa arobaini
zinameta kwa taa ya jirani.
Yanafika kidoleni, Musembi. Yanafika
pingili ya pili ya kidole cha shahada.
"Gotini," namwambia.
"Na wewe? Likizo?"
"Wamesema mwezi ujao," anajibu,
kwa sauti ile ile niliyosemea gotini.

Tunanyamaza, kila mmoja
akimfunika mwenzake.

Asubuhi nimefungua vizibo.
Mstari wa pili, mche wa saba,
mmoja wa wale niliowaacha wazi,
umechomoza jani la nne. Limejikunja
kama noti ndani ya ngumi. Ni kijani.
Nimechuchumaa pale mpaka magoti yakalowa.
Kisha nikaenda kutafuta mpini wa jembe,
maana mfereji wa pili umeziba,
na kule Ngong kumeanza tena kuwa cheusi.